Barua ya wazi kwa mwenye sheli na mameneja wake: nikiuza shoti, nisipouza shoti

Mzee, shikamoo. Na nyie mameneja, na dada wa HR, habari za kazi.

Jina langu mnalijua kwa hiyo siliandiki hapa, na jina la kampuni pia siliandiki kwa sababu sitaki kumchafua mtu, nataka kusikilizwa tu. Mimi ndiye niliyeondoka usiku wa kuamkia Jumatano tarehe 5 Juni 2024, pampu namba 3 na namba 4, sheli ya barabara ya Mandela. Nimekaa kwenu toka Machi 2018, miaka sita na miezi mitatu, na kwa hiyo miaka yote hii ndio mara yangu ya kwanza kuwaandikia barua ndefu, ya kwanza niliwaandikia mwezi wa tano ilikuwa nusu ukurasa na hamkuijibu.

Najua mmeshapewa stori yangu. Mmeambiwa nimetoroka shifti, mmeambiwa nilifunga pampu makusudi nikakimbia na shoti. Naomba na mimi mnisome mpaka mwisho, halafu muamue wenyewe.

Nianze na shoti maana kila kitu kimetokea hapo. Kwa ambaye hajawahi kufanya kazi sheli, shoti ni hela inayopungua kwenye hesabu yako ukifunga shifti. Unapoingia unasoma mita ya pampu unaandika kwenye daftari, unapotoka unasoma tena, tofauti ndio lita ulizouza, zidisha kwa bei, hiyo ndio hela unayotakiwa kukabidhi, iwe kesh, iwe ya lipa namba, iwe ya kadi. Ikipungua hata mia tano unaandikiwa shoti na mwisho wa mwezi unakatwa. Mpaka hapo sina ugomvi kabisa. Nikikosea kurudisha chenji nikampa mtu elfu kumi badala ya elfu mbili, hilo ni kosa langu, nimeshalipa mara kadhaa na sijawahi kufungua mdomo.

Ila kwenye sheli yetu shoti haikuishia hapo. Gari likijaza full halafu dereva akaondoka bila kulipa ni shoti yako, hata kama pale nje hakuna kizuizi na mlinzi yuko mmoja na kamera ya upande ule imekufa toka mwaka juzi na tumeripoti mpaka tumechoka. Mteja akikuonesha meseji ya uongo ya malipo ya simu saa tisa usiku na simu ya ofisi ambayo ingethibitisha imefungiwa ndani, shoti yako. Noti bandia, shoti yako. Na kubwa kuliko zote ni shoti ya tenki, hii ndio imeniuma miaka yote, kwamba mkidipu tenki, yaani mkipima kina cha mafuta yaliyomo, mkakuta yamepungua kuliko hesabu basi inagawanywa kwa wote tulio zamu wiki hiyo. Mzee, mimi nakabidhiwa mita, sikabidhiwi tenki. Lori linapokuja kushusha sio mimi niliyelipokea, sio mimi niliyekagua lakiri, sio mimi niliyedipu kabla na baada, funguo za mifuniko ya matenki anakaa nazo supavaiza. Petroli yenyewe inapaa kwa joto na jua la Dar mnalijua lilivyo, lori linaweza kuja pungufu kutoka depo Kurasini au Kigamboni, na hayo yote mmeyafanya yawe deni la dada anayeshika nozo kwa mshahara wa laki mbili na thelathini. Kama mita yangu na hela yangu vimelingana mimi nimemaliza, kilichopotea chini ya ardhi kinanihusu vipi?

Sasa nije kwenye usiku wa Mei Mosi.

Nyie mnajua bei za mafuta EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wanatangaza kila mwezi na zinaanza kutumika Jumatano ya kwanza ya mwezi, ikigonga saa sita na dakika moja usiku bei inatakiwa iwe imebadilika kwenye pampu na kwenye bango. Mwaka huu Jumatano ya kwanza ya mwezi wa tano iliangukia tarehe 1, sikukuu ya wafanyakazi. Nilikuwa zamu ya usiku. Petroli ilikuwa inapanda. Bei inabadilishwa kwenye kompyuta ya ofisini kwa paswadi ya meneja, sisi wa nje hatuna paswadi na wala hatutakiwi kuwa nayo, na meneja alikuwa ameenda kwake kulala. Pampu 1 na 2 zilikuwa zimebadilishwa mapema na supavaiza wa jioni aliyeachiwa kazi hiyo, 3 na 4 ziligoma, akasema meneja atakuja kurekebisha, akaondoka. Nikapiga simu saa sita kasoro, haikupokelewa, nikapiga saa sita na robo, saa saba, saa nane, zote zipo kwenye simu yangu mpaka leo sijafuta. Na amri ya pale ni moja, usisimamishe kuuza. Kwa hiyo nikauza kwa bei iliyopo kwenye pampu, bodaboda, bajaji, magari ya watu wanaotoka kwenye mkesha wa sikukuu, mpaka saa kumi na moja alfajiri meneja alipokuja na kubadilisha.

Lita 1,400 zilikuwa zimeshatoka. Bei ilipanda kwa shilingi hamsini na kitu kwa lita. Zidisha mwenyewe Mzee. Hesabu yangu ilipofungwa kwa bei mpya kuanzia saa sita, shoti ikasoma 79,800.

Nilidhani ni jambo la dakika moja kuelewana, maana kila mtu pale alijua pampu hazikubadilishwa, na kwenye daftari niliandika kabisa saa na namba ya mita na neno "bei ya zamani" nikasaini. Meneja akanijibu neno moja tu, "utalipa." Tarehe 3 Mei nikaandika barua, nusu ukurasa, nikaeleza, nikaiacha kwa HR, nikapiga picha nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Siku tano, wiki, wiki tatu, kimya. Nikamfuata dada wa HR akaniambia iko kwa meneja, nikamfuata meneja akaniambia iko HR. Ukiona mtu anazungushwa hivi ujue hakuna aliyeisoma.

Na hiyo Mei Mosi yenyewe nilifanya kazi, na sheria inasema ukifanya kazi sikukuu unalipwa mara mbili. Sikuona hata shilingi. Sikudai wakati ule, nilikuwa na la shoti kichwani.

Jumanne tarehe 4 Juni mshahara ukaingia. Naomba niandike hesabu yake hapa, sio kwa kuwaaibisha, ila nahisi Mzee hujawahi kuiona slipu ya mtu wako wa pampu. Mshahara 230,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia kumi, 23,000, inabaki 207,000. Shoti ya usiku wa Mei Mosi 79,800. Gari lililokimbia tarehe 17 nikiwa peke yangu pampu mbili, 70,000. Noti bandia ya elfu kumi. Na shoti ya tenki mgao wangu 14,200. Jumla ya makato ya shoti 174,000. Nikapokea 33,000 kwa mwezi mzima wa kusimama masaa kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa wiki. Kodi ya chumba changu Kiwalani ni elfu hamsini. Nina watoto wawili, mmoja darasa la tano mwingine la pili. Nilikaa kwenye kitanda nikaiangalia ile meseji ya benki nikaanza kupanga nianze kwa nani, mwenye nyumba au mangi wa duka, na sikupata jibu, nikavaa yunifomu nikaenda kazini maana nilikuwa zamu ya usiku.

Na usiku huo ulikuwa ni ule ule. Kesho yake ilikuwa Jumatano ya kwanza ya Juni, bei zinabadilika tena.

Safari hii nikajipanga. Saa tatu usiku nikampigia meneja kwa heshima kabisa nikamwambia kaka, leo bei zinabadilika naomba usije ukasahau pampu 3 na 4. Akasema sawa. Saa tano na nusu nikamkumbusha kwa meseji. Saa sita kasoro dakika tano nikapiga, haikupokelewa. Pampu zilikuwa hazijabadilishwa hata moja. Na mwezi huu bei ilikuwa inashuka, sio kupanda, maana yake nikiuza kwa bei iliyopo kwenye pampu nauza juu ya bei kikomo, na hilo ni kosa kisheria, EWURA akipita au mteja akipiga picha risiti ni sheli yako Mzee inapigwa faini, sio meneja. Nikafikiria kidogo tu. Saa sita kamili nikasoma mita, nikaandika, nikatundika nozo, nikaweka koni mbele ya pampu zangu, na kila mteja aliyekuja nikamwambia samahani boss tunabadilisha bei subiri kidogo. Wengine walisubiri, wengine waliondoka wakitukana, wateja wa usiku tumeshawazoea, mwaka 2022 bei ilipovuka 3,000 si tulitukanwa sisi kama vile sisi ndio tunaopanga.

Meneja alikuja saa saba na nusu. Kuna mtu alimpigia kwamba pampu zimesimama, simu hiyo aliipokea. Alishuka kwenye gari anafoka toka mlangoni, akaniambia mbele ya wateja na mbele ya vijana wa kuosha magari kwamba mimi ni nani wa kufunga sheli, kwamba kazi yangu ni kushika nozo sio kufikiri, kwamba wanawake tukizeeka kwenye pampu tunajiona wakurugenzi. Kisha akaingia ofisini akabadilisha bei. Nilikuwa naangalia saa ya ukutani pale dirishani. Dakika mbili. Kitu ambacho mwezi uliopita kilinigharimu 79,800 kilikuwa ni kazi ya dakika mbili.

Akatoka akasema, na mauzo yaliyopotea saa nzima na nusu hii nitakukata.

Hapo ndipo nilipoacha kazi, Mzee. Sio wakati wa matusi, matusi nimeyala miaka sita. Ni hiyo sentensi. Nikiuza nakatwa, nisipouza nakatwa. Mwezi wa tano nilitii amri nikalipa, mwezi wa sita nikaona nisirudie kosa nikatakiwa kulipa pia, sasa mtu anisaidie, nilitakiwa nisimame wapi?

Ila sikutoroka, hilo nalikataa na nitalikataa popote. Nilisoma mita za pampu zote mbili mbele ya mwenzangu wa pampu 1, nikaandika kwenye daftari, nikahesabu kesh yote mezani, nikatoa risiti ya mwisho ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, nikalinganisha na malipo ya lipa namba, ikafunga bila kupungua hata senti, mwenzangu akasaini, mimi nikasaini, meneja akakataa kusaini akaenda kukaa kwenye gari. Nikapiga picha ukurasa. Nikaweka funguo za droo juu ya daftari. Nikavaa kanga juu ya yunifomu, kijana wa bodaboda ninayemfahamu akanipeleka nyumbani. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

Nilipoamka nikakuta meseji ya HR kwamba nimeacha kazi bila notisi kwa hiyo natakiwa niilipe kampuni mshahara wa mwezi mmoja. Nimesoma hiyo meseji mara nyingi sana. Watu wamenipa 33,000 juzi wanataka niwarudishie 230,000.

Sasa dada wa HR, sikuchukii, najua na wewe umeajiriwa, ila hebu na wewe fungua hiyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ipo mtandaoni bure, mimi niliisoma kwenye simu kwa bando la mia tano. Kifungu cha 28 kinasema mwajiri hakati mshahara wa mtu kwa hasara mpaka hasara iwe imetokana na kosa la huyo mfanyakazi, mpaka ampe kwa maandishi sababu na kiasi na hesabu imepatikanaje, mpaka ampe nafasi ya kupinga, na makato yote hayo kwa pamoja yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Robo ya mshahara wangu ni 57,500. Mlikata 174,000. Na maandishi niliyopewa ni sifuri, nafasi ya kujieleza sifuri, niliitafuta mwenyewe kwa barua mkaikalia. Halafu kifungu cha 36 kinasema mfanyakazi akiacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike, hiyo inahesabiwa ni kuachishwa na mwajiri. Kwa hiyo notisi ninayodaiwa sijui inatoka wapi.

Na masaa. Sheria inasema masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki, sisi tulikuwa 72. Sikumbuki ovataimu hata ya siku moja. Kazi ya usiku kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia tano kila saa, hiyo hata mnaoisoma sasa hivi nina wasiwasi ndio mnaisikia leo. Chakula tulikula tumesimama nyuma ya shelfu la oili, jicho moja kwenye sahani jingine kwenye pampu. Kuna dada mwenzetu mwaka jana alikuwa na mimba ya miezi minane akapangiwa usiku wiki mbili mfululizo, tukaenda watatu kumwombea, tukaambiwa mimba sio ugonjwa. Sheria inakataza wazi kumpangia mjamzito kazi ya usiku miezi miwili kabla ya kujifungua. Alikuwa anavuta ile harufu usiku kucha, na ndani ya petroli kuna benzeni, kemikali ambayo inajulikana inaleta saratani ya damu, na barakoa tuliyopewa ni moja ya kitambaa kipindi cha korona, yangu ilichanika 2021. Huyo dada alijifungua salama namshukuru Mungu, ila hakurudi, na hakuna aliyeuliza kwa nini hakurudi.

Kuna kitu nimekuwa nakiwaza hizi wiki tatu nilizokaa nyumbani. Pale sheli tulikuwa tunakaguliwa sana. Wakala wa Vipimo wanakuja na ndoo yao ya lita 20 wanapima pampu kama inatoa sawa, wanafunga lakiri zao. Wa vinasaba wanakuja kuchukua sampuli kuona kama mafuta yamechakachuliwa. TRA wanakuja kuangalia mashine ya risiti. Zimamoto wanakagua mitungi na ndoo za mchanga. Wote hao nimewaona, wengine nimewashikia tochi. Afisa kazi sijamwona hata siku moja kwa miaka sita. Kila lita ya pale ina mtu wa kuipima, na mimi niliyekuwa naimimina nilikuwa sina wa kuniuliza umelipwa? umekula? umepumzika lini? Naandika hili kwa Mzee lakini nataka na wenye ofisi za kazi walione, mnapita barabara hizo hizo, mnajaza mafuta kwetu, siku moja shukeni na daftari.

Mzee, wewe nakukumbuka ulivyokuwa. Nilivyoanza 2018 ulikuwa na sheli hii moja na nyingine ya Mbagala, ulikuwa unapita Ijumaa usiku na chupa ya tangawizi na andazi, unatusalimia kwa majina, unauliza watoto wanasomaje. Mwaka wa kwanza nilipata shoti ya laki na ishirini ya tapeli wa simu, uliniita ofisini ukaniuliza ilikuwaje, ukasikiliza, ukasema binti hiyo sio yako, nusu nitabeba mimi na nusu utalipa kidogo kidogo. Nusu yangu niliilipa yote bila kinyongo na nilikuwa tayari kukufanyia kazi miaka ishirini. Sasa hivi sheli ziko sita, unakuja unakaa kwenye gari kioo kimefungwa unaongea na meneja unaondoka. Sikulaumu kwa kukua, biashara inakua tulikuwa tunaomba ikue. Ila watu wako hawana tena mtu wa kuwauliza ilikuwaje.

Yote haya ningeyameza, ningekwenda zangu CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, kimya kimya. Kilichonifanya niandike hadharani ni picha.

Wiki ya pili nilienda kuomba kazi sheli nyingine huku Tabata. Supavaiza wa pale aliniangalia, akatoa simu, akanigeuzia. Picha yangu ya kitambulisho cha kazini ipo kwenye grupu la mameneja wa sheli, chini imeandikwa mwizi, amekimbia na shoti, msimuajiri. Yule kaka alikuwa muungwana, akasema dada mimi sikujui na siwezi kukuhukumu ila bosi wangu ameshaiona. Nilitoka pale nikakaa kituoni daladala tatu zikapita sikupanda. Siku mbili baadaye wifi yangu akapiga simu kutoka Tanga, akauliza kwa sauti ya chini, wifi ni kweli? Picha ilishafika huko. Mama mkwe wangu ni mtu mzima, wa swala tano, mtu aliyenipokea kama mwanae, nimemweleza na ameniamini, lakini ameulizwa msikitini na majirani na hilo siwezi kulifuta.

Miaka sita nimeshika mamilioni ya watu kila usiku. Kuna usiku nimelala na mkoba wa mauzo kifuani kwa sababu sefu ilikuwa mbovu na mlinzi alikuwa amelewa. Sijawahi kuchukua hata jero. Mwizi hafungi hesabu mbele ya shahidi na kusaini.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kabisa kuliko hela ni hilo, aliyeiweka picha aitoe, na kwenye grupu hilo hilo aandike kwamba nilikabidhi mita na kesh bila kupungua, ukurasa wa daftari upo na nakala ninayo, nitawatumia mkiitaka. Pili nilipwe nilichofanyia kazi, siku zangu nne za mwezi wa sita, likizo ambayo sijaenda mwaka huu, na kilichokatwa kinyume cha sheria. Na NSSF. Nimeangalia taarifa zangu, miezi tisa ya karibuni haina kitu wakati kwenye slipu nimekatwa 23,000 kila mwezi. Hiyo ni 207,000 ya kwangu mliyoichukua na haikufika, mbali na asilimia kumi nyingine mnayotakiwa kuweka nyie. Hela ya uzee wa mtu. Hili nadhani Mzee hulijui, na nakuomba ulifuatilie hata kama mengine yote utayatupa, maana sio mimi peke yangu, wenzangu wa zamu zote waliangalia nao wakakuta hivyo hivyo ila wanaogopa kusema.

Tatu ni kuhusu hao waliobaki. Wapo kumi na nne. Wengi ni wadogo zangu, wana mwaka, wana miezi. Usiku wa kubadilisha bei meneja awepo pale, ni usiku mmoja kwa mwezi, na tarehe yake inajulikana mwaka mzima. Kamera ya upande wa pampu 3 itengenezwe. Shoti ya tenki iacheni iende kwa wenye funguo za tenki. Na mtu akipata shoti aitwe aulizwe ilikuwaje kabla hamjaandika namba kwenye slipu, kama ulivyoniuliza mimi 2018.

CMA nimeshaenda, fomu namba moja nimejaza na nimewaletea nakala pale ofisini, dada wa HR amesaini kupokea. Nilifanya haraka kwa sababu ukiachishwa una siku thelathini tu za kupeleka lalamiko, na nimewaambia wenzangu hivyo hivyo. Tutakutana kwenye usuluhishi wakishapanga tarehe. Nitakuja na daftari la simu zangu, barua ya tarehe 3 Mei yenye mhuri wenu na picha ya ukurasa wa mita. Ningependa uje wewe mwenyewe Mzee, sio meneja. Nitakuamkia kama zamani na nitaongea bila kupandisha sauti.

Yunifomu zote mbili nimezifua na kuzipiga pasi, pamoja na kofia na kitambulisho, zipo kwenye mfuko wa bluu kwa mlinzi wa mchana. Cheti changu cha utumishi mkishakiandika muachieni yeye huyo huyo, nitapita kukichukua.